Neno Nililolitoa Kwenye Kasha

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine huongeza chumvi na mkasa huu hauhitaji chumvi: hapa Élisabethville, enzi za Wabelgiji, mbele ya ukumbi uliojaa, nilimbatiza mzee aliyekaribia kuwa baba mkwe wangu jina la chombo cha kujisaidia. Na nilimbatiza kwa heshima zote, nimevaa tai.

Chanzo ni mdomo wangu. Nilikuwa nimekaa Ndola, Rhodesia ya Waingereza, miezi mitatu kwa mjomba, nikiosha sahani hotelini, nikarudi na kofia ya kahawia na maneno kumi hivi ya Kiingereza (matatu kati ya hayo ya kuomba radhi), lakini kwenye serkle yetu, yaani sisi makarani wenye kalamu mfukoni tuliokutana kila Jumapili kuonyeshana jinsi tulivyostaarabika, nilijitangaza kuwa mtaalamu. Kifaransa walikijua wote, sasa mtu atajitofautishaje? Basi siku moja katibu wetu, Alphonse, akaandika ubaoni herufi tatu, B, D na P, akasema Jumapili ijayo kila mtu alete neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, na kadiri litakavyokuwa geni ndivyo litakavyosifiwa. Na familia zialikwe. Familia! Papa Kasongo, kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi wa karakana, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alikuwa ameniambia wazi kwamba binti yake Bernadette ataolewa na mtu mwenye akili, na sasa akasema atakuja kujionea hizo akili kwa macho yake.

Ningesema tu kwamba Kiingereza sikijui, yangeisha. Lakini wapi! Wiki nzima nilizunguka kwenye hangari ya mizigo nilikofanya kazi, nikisoma makasha yaliyoshuka na treni kutoka kusini, na Alhamisi nikaliona, kwa rangi nyeusi juu ya mbao: BEDPAN. B ipo, D ipo, P ipo. Kasha lilikuwa limepigiliwa misumari, likaondoka hivyo hivyo, na mimi sikumuuliza mtu ndani kuna nini (msomi haulizi).

Jumapili Alphonse akalitafuta neno langu kwenye kamusi yake, kijitabu cha kutosha kiganjani, asilione. Mahali pengine ningefukuzwa. Kwetu, neno ambalo hata kamusi hailijui ndilo kubwa kupita yote, wakanipigia makofi mpaka nikaanza kujiamini, na hapo ndipo mtu akauliza maana yake.

"Bedpan," nikasema nikitazama dari, "njo muntu mukubwa kwa mufalme wa Bangeleza. Anakaa karibu yake usiku na muchana. Mambo yote ya siri ya mufalme, yeye njo anabeba."

Papa Kasongo akasimama. Kwao kaskazini mwanamume wa maana haingii kwenye sherehe kimyakimya, huitwa majina yake ya sifa, moja baada ya jingine, na yeye tangu aje mjini alikuwa akiitwa kwa namba ya kazi.

"Ile jina nakamata," akasema. "Kuanzia leo njo yangu."

Akazunguka ukumbi akishika watu mikono, mpiga akordioni akapata wimbo papo hapo, wote wakaitikia Bedpan! Bedpan! huku machozi yakimlenga mzee. Bernadette akanitabasamia. Nakiri, nilifurahi sana, mjinga mimi.

Kisha akaingia Mama Estere, dada mkubwa wa mama yake Bernadette, aliyecheleweshwa na mvua. Nilijua tu kwamba ni mjane. Sikujua kwamba kabla ya kurudi huku alikuwa Rhodesia, akifagia na kuosha vyombo hospitalini.

"Munaita nani bedpan?" akauliza.

"Shemeji yako!" wakamjibu kwa furaha.

"Yesu Maria! Ile iko sahani ya hospitali! Banaweka chini ya mugonjwa mwenye hawezi kuamuka, anafanyia haja mulemule. Mi mwenyewe nilisukula ile bintu miaka saba!"

Akaonyesha kwa mikono umbo la chombo hicho, na namna kinavyobebwa kisimwagike. Akordioni ikanyamaza. Halafu ukumbi ukapasuka kwa kicheko, Alphonse akavua miwani apate kufuta macho, na mimi, badala ya kutafuta mlango, nikaeleza kwamba kuna Kiingereza cha hospitali na kuna Kiingereza cha ikulu.

"Kingereza iko moja, baba," akasema Mama Estere.

Papa Kasongo akanisogelea. Hakupandisha sauti. "Donatien, mwanangu. Hii neno, ulikuwa unaijua ao haukuijua?"

Mzee wa watu alinifungulia mlango kabisa, nami nikaufunga kwa mikono yangu. "Niliijua, Papa," nikasema.

Kesho yake nilipeleka kuku kuomba msamaha, kama desturi inavyotaka. Papa Kasongo akampokea, tena akacheka kidogo, akasema yamekwisha. Nikaanza kunyoosha tai. Ni Bernadette aliyenisindikiza mpaka barabarani.

"Ile jina haikunikasirisha," akasema. "Hata mi nilicheka. Lakini papa alikuuliza muzuri, mbele ya bantu yote, na ukamudanganya tena. Mi peke yangu mu nyumba, nitakuuliza mara ngapi?"

Nilitafuta jibu kwa lugha zote nilizozijua na nilizodai kuzijua. Nikavua tai, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu. Niliumia, ndugu zangu, na bado naumia nikikumbuka.

Mwaka uliofuata akaolewa na fundi wa baiskeli. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa nyuma. Alphonse akaja mbio kuniomba nisalimie maharusi kwa Kiingereza, japo sentensi mbili za kunogesha shughuli. Watu wakageuka wote, na Papa Kasongo pia.

"Kingereza sijue," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele.

Nilikuwa nimechelewa mwaka mzima.