Muziki Yenye Yaya Hakumaliza

Mwezi ilipita nilirudi Butembo, nikapita ku salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa yenye tulikomalia. Sasa batu balikimbia vita njo banalala mule. Masafuria iko mbele ya mulango, nguo za batoto zimeanikwa ku madirisha. Nikasimama pale kama mujinga, juu masikio yangu ilikuwa inatafuta likembe, kinanda kidogo cha vidole, ya yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja.

Acha nikuelezee. Miye sikusoma mingi, nitapotea-potea njiani, utanivumilia.

Tulikuwa batoto ba Masereka, kwenye baridi inakata mifupa. Baba alituteremusha Butembo juu ya biashara ya viazi. Siku ya Mungu, kisha misa, Padiri alituonyeshaka sinema ya mapicha ya kuchora: sungura, tembo, kobe, zinatembea ku shuka nyeupe. Mama alitufungiaka viazi vya kuchoma mu majani ya ndizi, na salle yote inanuka ile viazi pamoja na mazuti ya groupe, mashini ya umeme. Donc, siku moja mashini ya sinema ikapoteza sauti. Yaya akatoa likembe yake ya vyuma vya mwavuli, akaanza kupigia banyama. Kobe alipotokea, akamupigia mwendo wa koko yetu, mama ya baba, akipanda mulima na kuni ku mugongo. Batu bote bakageuka kumuangalia koko.

"Wee mubaya," koko akamuambia pale inje, "unanitembeza mbele ya Padiri na miguu ya kobe?"

"Koko, ni kobe njo alikuiga."

Mashini haikutengenezwa tena. Yaya njo alikuwa sauti yake.

Mais kulikuwa na sheria. Mutu akikufa ku avenue, hapana muziki. Tulilalaka inje na benye kilio, moto inawaka, bamama ku mikeka. Kisha kuondoa matanga, baba alienda kuuliza mama wa ile nyumba: "Batoto banaweza kupiga?" Mama akisema "Bapige", njo likembe inashuka ku musumari. Koko alikuwa anasema: furaha inaomba njia kwa huzuni.

Yaya akakomea mu kazi ile. Alihamia Beni, miye nyuma yake, na bijana benye kuchora sinema za batoto ku ordinateur, ku kompyuta, bakamufwata. Bakamuita compositeur, mutungaji wa muziki. Mabibi ya sokoni bakamuita Papa Sungura, bakamuchokoza: "Muzee muzima, unalishwa na sungura?" Alicheka. Siku ya Mungu familia zilikusanyika kuangalia, na mu kila munyama nilisikia mutu wa kwetu: mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, baba akikohoa asubui.

Sinema ya mwisho ilikuwa ya kuku mwenye kupoteza kifaranga mu pori. Wimbo ya pale banaonana tena, yaya aliitunga, tukaiimba sisi wawili tukichambua maharagi. Ilibaki kuipiga tu mu studio. Bale ba mapanga bakaingia mu mashamba, na kilio ikafika kwa jirani. Likembe ikapanda ku musumari. Mbele ya kuondoa ile matanga, ingine ikaanguka juu yake. Kisha ingine. Yaya akaenda kuomba njia ya kupiga, akakuta hata ule mama wa kuulizwa hayuko tena.

Bijana bakamubembeleza. "Papa, tutafunga mulango ya studio. Nani atasikia?"

"Miye nitasikia," akajibu.

Miaka ikapita. Vidole vyake vikakauka, tension ya damu ikamupiga, akaenda. Bibi yake wa ndoa aliomba tumuzike na likembe yake.

Bijana bakanifwata miye. Ule mukubwa wao akauliza: "Papa, ile wimbo munaijua?"

"Ninaijua yote."

"Basi mutuimbie, tutaiweka mu sinema hivyo hivyo kwa mudomo. Batoto banangojea ule kifaranga."

Nikabaambia tuondoe kwanza matanga ya yaya. Tuliiondoa. Bibi ya yaya mwenyewe akaniambia, "Uimbe." Asubui yake nikanawa, nikavaa koti, nikatoka kuenda studio.

Zamani kilio ilikuwaka na mwisho, na mutu mukubwa alijua siku ya kuimaliza. Hiyo njo kitu tulipoteza, kupita muziki, kupita Masereka. Miye nimezeeka, sauti inakatika, na ile wimbo haiko kwa mutu mwingine.

Ku kona ya avenue nikakuta bamama banatandika mikeka ya kilio inje. Nikavua koti, nikaketi nao.