Begi la Mipira ya Zimamoto

Mtaani walimwita Mama Pazia. Alishona mapazia tangu ujana wake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikiwa dirishani, na majora ya vitambaa yameegemea ukuta kama watu waliochoka kusimama. Mdogo wake wa pekee aliolewa nchi ya mbali. Huyo ndiye aliyefariki, ghafla, akiwa kazini, na wakamzika kabla Mama Pazia hajapata hata tiketi.

Hakulia. Waliokuja kumpa pole walikaa, wakamtazama usoni, wakatazamana wao kwa wao, wakaaga. Kesho yake alikuwa kwenye cherehani akimalizia mapazia ya zahanati.

Alipopata safari ya kwenda huko, jirani yake akabisha hodi. Alikuwa mzimamoto mstaafu, wote wakimwita Kepteni. Tangu astaafu alikuwa akiomba mipira ya maji iliyochakaa kwenye vituo vya zimamoto, kisha anawabebesha wasafiri waipeleke nchi za nje, kwenye hifadhi zinazolea wanyama yatima.

“Dada, najua una msiba, unisamehe,” alisema, bado yuko mlangoni. “Huko unakokwenda kuna hifadhi ya sokwe. Hii mipira wanaisuka, wanawatengenezea vitanda vya kuning'inia. Begi lako lina nafasi?”

“Lina nafasi.”

“Kiasi gani?”

“Lote.”

Kepteni akakohoa, akaangalia viatu vyake. Nguo za safari Mama Pazia alizitia kwenye mkoba wa mkononi.

Alipotua, ofisa wa forodha alifungua begi, akainua ncha ya mpira kwa vidole viwili kana kwamba ingemng'ata.

“Mama, kwani huku tunaungua?”

“Ni ya sokwe.”

“Sokwe ndio wanaoungua?”

“Wanalalia.”

Ofisa akamwita mwenzake aje asikie mwenyewe. Walicheka mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mama Pazia alisimama akingoja wamalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue. Wakamruhusu.

Nje alipokewa na mlezi wa sokwe, mwanamke mnene mwenye buti za mpira na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Huko hifadhini alimwekea kiti kivulini apumzike. Lakini wasaidizi wake walikuwa wameshaanza kukata mipira vipande na kuipishanisha juu, chini, juu, chini, na mikono ya Mama Pazia haikuzoea kukaa bure. Akavuta kipande, akajiunga nao. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kitanda kilipofungwa bandani, sokwe mzee kuliko wote alikikaribia. Alikipiga ngumi. Alikinusa. Akakivuta kwa nguvu zake zote, kisha akapanda, akalala akiwapa watu mgongo.

“Huyo alikuwa analala sakafuni tangu tumpate!” mlezi alisema, machozi yakimlengalenga. “Umeona, dada?”

“Nimeona.”

Alijua ni jambo zuri. Alilijua kama unavyojua kwamba mahali fulani kuna baridi kwa kuwa umeambiwa. Alingoja kidogo, labda kitu kingemshika kifuani. Hakikuja. Akaomba maji ya kunawa mikono.

Jioni shemeji yake, mume wa marehemu, alimpokea nyumbani vizuri, akapika mwenyewe, akaunguza. Binti mdogo wa marehemu alilikagua begi tupu.

“Mama mkubwa, begi lako linanuka.”

“Linanuka mpira, mwanangu.”

Chumbani kwa mdogo wake yalining'inia mapazia aliyomshonea alipoolewa. Mama Pazia alishika upindo. Chini yake kilikuwa kimeungwa kitambaa kingine, rangi inakaribiana, kwa mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona.

“Yalikuwa mafupi,” shemeji alisema taratibu. “Alinikataza nisikuambie. Alisema utanuna.”

“Ningenuna kweli.”

Shemeji akacheka, kicheko kikageuka kilio, akatoka nje. Mama Pazia akamwomba yule binti sindano na uzi. Alifumua ile mishono mikubwa mpaka katikati, akasita, akashona upya nusu hiyo tu, iliyobaki akaiacha kama mdogo wake alivyoishona. Kisha akazikunja nguo za mdogo wake, akazipanga begini, akarudi nazo kwao. Hakulia njiani pia, ingawa abiria wa pembeni alimpa karatasi ya kufutia uso, sijui aliona nini.

Mwaka uliofuata alikwenda tena na mipira. Na uliofuata huo. Mlezi wa sokwe alimzoea, akawa anamwekea glovu zinazomtosha. Wakiwa wanasuka, siku moja Mama Pazia alisema tu, bila kuulizwa, kwamba mdogo wake alikuwa na kicheko cha kuudhi. Mlezi akaitikia, “Ehe.” Wakaendelea.

Shemeji alipooa mke mwingine, Kepteni alimwendea Mama Pazia kwenye cherehani yake, shingo upande.

“Sasa dada, huko utafikia kwa nani?”

“Nitalala kwa sokwe,” alisema Mama Pazia, macho kwenye sindano. “Leta hiyo mipira, nina kazi ya watu hapa.”