Kanga za Kumpokelea Mama

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kuagiza, na ukichelewa anafanya mwenyewe huku anakusema. Ndiyo maana ombi lake la mwaka ule lilinikaa moyoni. Aliomba asishuke pwani ya Maskati peke yake. Nyumba ikiwa ndogo atabanana, chakula kikiwa cha taabu atakula, lakini siku akikanyaga nchi ile, uso wa kwanza atakaouona uwe wangu.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliionea haya. Sisi ni Waarabu kwa nasaba. Babu yake mama alitoka kijiji kimoja huko ndani Omani, na mama alikuwa akikitaja kijiji kile kila akigombana na majirani Unguja, kana kwamba ana shamba lake huko. Lakini Kiarabu hakukijua. Alikijua cha kwenye sala na cha kwenye maulidi, basi.

"Ntasema nao nini?" aliniuliza siku tuliyoagana. "Watanambia, huyu Mwarabu gani? Uwepo wewe, mwanangu, unisemee."

Nikamwambia nitakuwepo. Kiarabu changu mimi kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikuwa na ulimi mwepesi na sikuona haya kukosea.

Nilitangulia mwaka 1970, nchi ilipoanza kutufungulia mlango sisi watu wa Unguja. Mume wangu alikuwa Kuwait kazini, kwa hiyo nilikaa Matrah, jirani na Maskati, nyumbani kwa ami yake, pamoja na mke wa ami, mabinti zao na wifi yangu, dada wa mume wangu. Ofisi moja ya serikali ilinipa kazi ya kupiga taipu kwa kuwa nilijua Kiingereza, na wakati ule hilo lilitosha. Mama yeye alipita Mombasa, akafika Karachi kwa jamaa zetu, akakwama huko akisubiri ruhusa ya kuingia.

Nikawa mtu wa meli. Kila nikisikia imeingia meli kutoka Karachi, nashuka forodhani. Meli zilikuwa zikitia nanga mbali kidogo, abiria wakiletwa kwa vyombo vidogo, na mimi nasimama juani nikiangalia buibui moja baada ya jingine. Wanashuka mama wa watu. Wangu hayumo. Jioni narudi nyumbani na kichwa kinaniuma, wifi yangu ananipa chai na kuniambia, "Meli ijayo."

Katika meli moja alishuka mzee mmoja na furushi kutoka kwa mama. Ndani mlikuwa na kanga, doti moja kwa kila mwanamke wa nyumba ile, zote sare, manjano kali. Yule mzee akaufikisha ujumbe kama alivyopewa: "Hizi ni za kunipokelea, zisivaliwe kabla, na nimechagua manjano ili niwaone kutoka mbali." Kwetu bibi harusi hupokewa hivyo, na aliyetoka Makka. Mama aliona na yeye anastahili, na nani angembishia? Nikazikunja nikaziweka chini ya sanduku langu.

Baadaye ikaja habari kwamba ruhusa imetoka na mama amepata nafasi. Wakala wa meli akatuambia itaingia Alhamisi, na kama si Alhamisi basi Jumamosi. Alhamisi nilikuwa forodhani tangu asubuhi. Hakuna meli. Nilirudi nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Nadhani ilikuwa bahari yenyewe. Nilikuwa nimechoka kusubiri, na kumchoka mtu unayempenda kabla hajafika ni jambo baya, lakini lilikuwepo.

Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa maana yake. Ni siku ya vunjajungu: watu wanabeba masufuria, wanakwenda pwani au visiwani, wanakula mpaka wanashindwa kuinuka, kisha kesho yake wanaanza kufunga kwa moyo safi. Ami alikuwa hakosi vunjajungu tangu ujana wake, na hakukusudia kuikosa kwa sababu tu amehamia nchi ambayo watu wake hawaijui. Aliazima mashua ya mashine kwa mfanyabiashara mwenzake, akapanga safari kama nahodha wa meli ya matajiri: kwanza kijiji cha Qantab, halafu ghuba ya mchanga iliyo mbele yake kwa kupikia, halafu kijisiwa cha kuogelea, na magharibi tuko nyumbani.

"Na meli je?" nikamuuliza jioni ile ya Alhamisi.

"Meli Ijumaa?" ami alisema. "Kesho forodha imefungwa, soko limefungwa, kila kitu kimefungwa. Meli itakuja kumshushia nani? Jumamosi tutakwenda sote."

Ndivyo tulivyokuwa. Unguja tulizoea bandari isiyolala, na hapa tulipoona Ijumaa watu wanafunga maduka, tukaamini na bahari imefungwa, kana kwamba nahodha wa Karachi naye anatafuta msikiti.

Asubuhi ile wifi yangu ndiye aliyezitaja kanga. Tulikuwa tunafunga masufuria. Alisema vunjajungu bila sare ni kama kwenda kuokota kuni.

"Zile ni za mama," nikamwambia.

"Tutazifua leo leo, kesho zitakuwa zishakauka. Mama yako atajuaje?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mdomo wa kukataa mambo makubwa kuliko hilo. Lakini nilitaka siku moja ya kucheka, na nilitaka niwe nimevaa kitu kizuri nikicheka. Nikazitoa.

Tulipotoka nje ya bandari, wanawake tukavua mabuibui, tukajifunga kanga, wengine viunoni na wengine vichwani, na mashua ikawa manjano mbele na nyuma. Ami aliswali alfajiri akatangaza kwamba msafiri hana sala ya Ijumaa, kwa hiyo hatudaiwi. Mabinti zake waliimba nyimbo za harusi. Qantab tulishuka kwenye vichochoro vya wavuvi, wanawake wa pale wakatukaribisha kwa tende na kahawa, wakatuuliza sisi ni watu gani. Nikawajibu sisi ni Waomani. Walitazamana, wakaongeza tende. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nilipotoka kwetu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba furaha yenyewe ilikuwa ya kweli.

Tulikuwa tumeondoka Qantab, tunaelekea kwenye ghuba, tulipoiona meli. Ilitokea upande wa bahari kuu, nyeupe, na ikapita karibu kiasi cha kuona watu wamejipanga kwenye ubavu wake. Mabinti wakasimama wakaanza kupunga. Wifi akafungua kanga ya kichwani akaipeperusha. Na mimi nikasimama nikapunga, mikono yote miwili, maana unapoona watu melini unapunga, huulizi. Wale wa melini wakatupungia.

Kisha mikono yangu ikashuka yenyewe.

"Ami," nikasema, "ile meli ya abiria."

"Inapita," akajibu. "Inakwenda zake Dubai."

"Una hakika?"

"Leo Ijumaa, binti yangu."

Nilishukuru kujibiwa. Huo ndio ukweli wake. Sikuamini, lakini nilishukuru, maana mchele ulikuwa umeshalowekwa na nyama imeshatiwa viungo, na kumwambia ami ageuze mashua kungeharibu siku ya watu wote. Nikakaa kitako. Meli ikapotelea nyuma ya jabali, upande wa Maskati.

Pilau lilikuwa zuri, wote walisema. Mimi nililila bila kulisikia ladha. Kwenye kijisiwa wenzangu waliogelea na nguo zao, nami nikakaa juu ya jiwe nikihesabu sababu za ile meli kuwa si yenyewe. Nilizipata nyingi.

Tulirudi jua likiwa linagusa majabali. Kabla mashua haijafungwa nilimwona. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake mbele ya forodha, buibui limebana kidevuni, na pembeni yake mwanamke wa Kiomani nisiyemfahamu amemshika mkono.

Mambo yaliyompata tuliyajua vipande vipande. Alishushwa kabla ya adhuhuri. Abiria wote walichukuliwa na watu wao. Yeye akabaki. Mtu wa forodha akamuuliza watu wake wako wapi, kwa maneno na kwa mikono, na mama akamwonyesha bahari. Akaulizwa tena, akaonyesha bahari, na kwa kuwa hakuwa na Kiarabu cha kueleza, macho yakamjaa maji. Wakaona yamekwisha: mwanamke huyu watu wake wamezama. Wakamwita jirani, mama wa makamo, aje amliwaze. Yule bibi akaja na kahawa na tende, akakaa naye mchana kutwa, akimshika mkono na kulia. Mama hakuelewa kilichomliza, lakini naye akalia, kwa adabu tu, asimwache mwenzake kulia peke yake.

Nilimkimbilia. Miguu yangu ilikuwa na mchanga mpaka magotini na ile kanga ya manjano ilikuwa imerowa, inanuka moshi. Nyuma yangu wanashusha masufuria na masinia.

Mama akanitazama juu mpaka chini. Akatazama masufuria. Kisha akanishika uso kwa viganja vyake viwili.

"Nimekuona," akasema. "Nimewaona nyote, nikawambia wenzangu, wale wangu, wamenifuata baharini. Nimepunga mpaka mtandio ukanivuka." Akanifuta mchanga shavuni kwa ncha ya buibui. "Na mkanikosa. Mkawa mnazunguka huko mnan'tafuta mpaka magharibi, masikini."

Alisema hivyo mbele ya wote. Akaningojea nijibu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Tukaenda nyumbani. Kesho yake ikawa Ramadhani.

Mwezi ule mzima wanawake walikuja kumpa mkono, na kila aliyekuja alisimuliwa. Hakuna mgeni aliyepokewa Maskati kama yeye, mama aliwaambia; wengine hungojewa nchi kavu, yeye alifuatwa baharini, sare tupu, na nyimbo juu. Nilikuwa nikimimina kahawa naye anasimulia. Wifi alikuwa na kazi ya ghafla jikoni kila hadithi ilipoanza. Ami, ambaye ndiye aliyetufikisha huko, alitikisa kichwa na kusema, "Alhamdulillahi." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uso wa kusahihisha. Niliona haya kwa kila kikombe nilichokijaza, na kadiri alivyoizidishia hadithi ile uzuri ndivyo nilivyozidi kuona haya. Kuna siku nilitamani anitukane tu. Angenitukana ningelia, nikaomba radhi, yakaisha.

Maana mama yangu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kujua mwezi umeandama kabla hajaambiwa. Alizijua vunjajungu za Unguja tangu kabla sijazaliwa, alizipika mwenyewe. Alijua Ijumaa ile ni Ijumaa gani, na pilau la pwani alilijua kwa harufu yake. Nilijiambia labda hakutambua, kwa uchovu wa safari. Nilijiambia hivyo mwezi mzima.

Ikafika Idi. Siku ya pili ya Idi ami alikuwa na furaha, ameazima mashua tena, anataka twende Qantab na kule kwenye ghuba, na safari hii mama akae mbele kabisa. Alikuja kumwalika mwenyewe, kwa heshima, amesimama mlangoni.

"Twende, bi mkubwa. Bahari shwari."

Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Nendeni nyinyi," akasema kwa upole. Akatupa kijiwe pembeni, kisha akanigeukia mimi, wala si ami. "Kwani leo nani anakuja?"

Ami akatazama viatu vyake.

"Hakuna, mama," nikasema. "Hakuna anayekuja."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele wake.