Upande wa Pili wa Kanda

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa masikio. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini pale Kongowea, nyuma ya wauza vitunguu, nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Mteja alinitajia nyimbo azipendazo, taarabu mbili, lingala, chakacha ya harusini, nami nikamchanganyia zote kwenye kanda moja. Hamali walisimamisha mikokoteni mlangoni kwangu wapate kusikiliza kidogo.

Kikohozi kilipoanza nikasema ni vumbi la sokoni. Kisha nikawa naloa jasho kila nikilala, suruali ikawa hainikai. Asubuhi moja nikatema damu kwenye beseni, na Zuhura, mke wangu, akaiona kabla sijaimwaga. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza.

"Wataka kuniacha mjane na tumbo hili?" akasema, akanishika mkono mpaka zahanati.

Ilikuwa kifua kikuu. Nikapewa vidonge, na sindano ya kila siku. Mchoma sindano alikuwa Tunje. Nalitaja jina lake, na likimfikia, na limfikie.

Dawa zilifanya kazi, sikatai. Damu ilikatika, nikaanza kula. Lakini masikio yakaanza kulia, nyiii, kutwa kucha. Nikamwambia Tunje. Akacheka mbele ya foleni nzima.

"Sikio likilia umetajwa, bwana. Piga salawati, uteremshe suruali."

Foleni ikacheka. Nikapiga salawati, nikateremsha suruali.

Zuhura alipokaribia kujifungua walikuja kwao kumchukua, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, akazalie kwa mamake, kule Junda, akae arubaini yake huko. Mimi nilikatazwa kumkaribia mtoto mchanga na kifua changu. Basi nikamtengenezea mke wangu kanda yake, isiyo ya mteja. Upande wa kwanza niliujaza nyimbo zetu, nikianza na ule walioupiga siku ya harusi yetu, alipotolewa ukumbini. Upande wa pili niliuacha mtupu.

"Huu ni wa mtoto," nikamwambia. "Akizaliwa mrekodini, mniletee nimsikie."

Nikiitengeneza kanda ile ndipo nilipoona ajabu. Vile visahani vya tari vilikuwa havisikiki. Halafu fidla ikawa kama yapigwa chini ya godoro. Nikafuta hedi, kile chuma kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Nikabadilisha kanda. Nikagombana na aliyeniuzia, nikamwambia ni bandia. Sisi warekodi ndivyo tulivyo. Sauti ikipotea twalaumu mashine.

Kisha nikaanza kuyumba. Taa zikizimika sendi hatua bila kushika ukuta. Hamisi, kakake Zuhura, akatangaza Junda yote kwamba shemeji yake amekuwa mlevi wa mnazi. Mimi, ambaye ulimi wangu haujaugusa! Hamisi, na wewe nakutaja.

Nikamrudia Tunje. "Sasa hata kutembea nayumba."

"Sindano zimebaki chache. Mwanamume mzima, walia nini?"

Nikageuka, akanichoma.

Ndipo akaja Hamisi kibandani na ile kanda. Akanipigia kelele sikioni mara mbili ndipo nikamwelewa: mtoto wa kike, ameitwa Amina. Nikaitia kanda kwenye mashine. Nikafungulia.

Kimya.

"Mmerekodi vibaya," nikasema. "Haina kitu."

Nikaitoa, nikafuta hedi, nikairudisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Hamali mmoja akaacha mkokoteni wake katikati ya njia, anacheka, amenyanyua mikono kuniombea dua. Mama mmoja wa vitunguu alikuwa anapiga vigelegele. Nauona ulimi wake, sisikii kitu. Nikaweka kiganja kwenye spika. Ilikuwa inatetemeka.

Hamisi akanitazama mikono, akanitazama uso. Akaacha kucheka. Hapo ndipo alipojua sikulewa.

Katika hospitali kubwa daktari alikuwa akiniandikia kwenye karatasi. Sindano ile yaweza kuua masikio, aliandika. Ingejulikana mapema, ingebadilishwa. Halafu akaandika: "Mbona hukusema?"

Nikamjibu kwa mdomo. Nadhani nilipiga ukelele, maana wauguzi wote waligeuka. "Nilisema! Kamuulizeni Tunje!"

Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mpaka leo wallahi nampita njiani, na salamu yake siipokei. Hamisi alikuja kuomba radhi. Nilimpa chai, radhi sikumpa.

Kifua kilipona. Alhamdulillahi, napumua, sikohoi, nimemwona mwanangu akitambaa, akisimama, akienda shule. Zuhura alirudi kwangu baada ya arubaini, ingawa kwao walimwambia atakaa na gogo. Mungu amlipe. Kibanda nilikiuza. Sasa nakaa pale pale Kongowea nachambua vitunguu vilivyooza kwenye magunia. Kazi hiyo haitaki masikio.

Wewe unayechomwa sindano leo, dawa usiiache, kifua kinaua. Lakini sikio likilia, sema siku hiyo hiyo. Salawati piga, na daktari mwambie. Ukichekwa, gonga mlango mwingine. Nenda na mkeo, nenda na mamako, muwe wengi, mpige kelele mpaka mmoja wao aache kucheka. Mimi nilimwambia Tunje peke yake, kisha nikanyamaza, kwa sababu foleni ilikuwa yacheka.

Kanda ninayo. Vile vijino vya juu nimevivunja, asije mtu akarekodi juu yake. Upande wa kwanza naujua kwa moyo, wimbo kwa wimbo. Juzi nilimuuliza Zuhura, ule upande wa pili mna nini hasa. Akakaa mbele yangu, akasema polepole nipate kumsoma midomo. Mtoto analia, akasema. Analia kwa muda mrefu. Kisha ni yeye mwenyewe Zuhura, acheka, aniita:

"Baba Amina, wamsikia mwanao?"