Aliniita Ndugu Mbele ya Afisa wa Nyumba

Admin, jina langu naomba ulifiche kabisa, maana ninayemsema yumo humu humu na huwa wa kwanza kukomenti.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, Mtanzania, sina mume, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Kwa miaka mitatu niliishi kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba ya Mtanzania mwenzangu, huku Springfield, Virginia. Nitamwita Mama P. Banda lenyewe lilijengwa kwa ajili ya mashine ya kukatia majani. Umeme ulivutwa kwa waya kutoka jikoni kwake. Choo ni cha ndani kwake, na yeye akienda kulala anafunga mlango, kwa hiyo mimi nilikuwa na ndoo. Kodi nilimpa mkononi na sikuwahi kuchelewa.

Mwaka jana nikasikia kazini kwamba kaunti inawatafutia nyumba watu wanaoishi kwenye mabanda na gereji zisizo na kibali. Nikaomba, nikaambiwa afisa atakuja kuhakikisha. Sasa, mtu aliyekupokea ugenini huwezi kumletea serikali nyumbani bila kumwambia. Nikamwambia kwa adabu zote. Akacheka. "Mdogo wangu, ni hilo tu? Waje, mimi sina neno." Nikamnunulia na doti ya khanga kumshukuru.

Siku ya afisa natoka kazini, nakuta kitanda changu kimehamishiwa chumba cha wageni, nguo zangu zimetundikwa kabatini, banda limejazwa maboksi na ile mashine ya majani. Kabla sijauliza, afisa kagonga. Mama P akanikumbatia mlangoni, akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mimi ni mdogo wake, nalala ndani, na kwetu ndugu hatozwi kodi. Nikanyamaza. Mimi nimelelewa kutomuumbua mkubwa mbele ya mgeni, na Mama P alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kesho yake nikampigia afisa kumweleza ukweli. Akasema anayekaa kwa ndugu yake hahesabiwi, na mwenye nyumba ameshathibitisha. Nikakosa nyumba. Wiki haikuisha Mama P akanifukuza, eti nilitaka kumponza. Halafu kwenye msiba wa mwenzetu mmoja, mbele ya akina mama wote, akasema asante ya punda ni mateke. Walicheka, na mimi nilikuwa nimebeba sinia la chai.

Sasa hivi nalala sebuleni kwa watu, Greenbelt. Sitawadanganya, namchukia yule mama. Picha za banda ninazo zote, waya, ndoo, kila kitu. Nataka kaunti ilivunje huku anaona. Nataka majirani zake watoke nje watazame, na mimi niwepo barabarani nikiwa nimevaa vizuri.

Juzi nikiwa dukani tunakonunua unga nikakutana na dada mmoja Mkongo, ana mtoto mgongoni. Katika mazungumzo akaniambia anakaa Springfield, nyuma kwa mama mmoja Mtanzania. Nikauliza jina. Ni yeye. Nikamwambia dada, jiandae, wiki hii nawapigia kaunti, na wakija usikubali kuitwa ndugu, sema unalipa kodi.

Akaanza kulia pale pale kwenye unga. "Dada, tafazali, usiite serikali. Ule mama ananipenda, ananiitaka mudogo wake. Wakifunga pale, nitaenda wapi na huyu mutoto?"

Tukapeana namba, nikaondoka. Nikimwacha Mama P, ataendelea kula kodi ya banda na kusifiwa kwa huruma yake. Nikipiga simu, huyu dada atasimama mlangoni akumbatiwe, atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, banda litafungwa kwa zile picha zangu, na yeye atakuwa nje na mtoto kwenye baridi hii bila kupewa nyumba. Nimejaribu kumwelewesha mara mbili kwa simu, sasa hapokei tena.

Namba ya kaunti iko kwenye simu yangu na moyo wangu unasema piga leo. Ndugu zangu, nipige au niache? Na anayetaka kuniambia nisamehe, kwanza aniambie yeye usiku anajisaidia wapi.