Bidoni ya Bluu Iliyogeuziwa Ukuta

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo jirani yangu alimwaga chooni sufuria nzima ya mboga yangu, bila kuniomba ruhusa.

Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, tumepanga chumba hapa Rumonge mjini. Uani palitosha kutandika mikeka miwili, basi. Nikaamua kulima kwenye vyombo. Bidoni nne za njano, yaani madumu ya plastiki yaliyokuwa ya mawese, nilizikata juu, nikazitoboa chini, nikazijaza udongo wa kutoka Gatete, nje ya mji, na mavi ya mbuzi. Nilitaka ya tano. Rafiki yangu, kibarua wa mashamba ya pamba, akanipa kubwa ya bluu. Ilikuwa ya dawa ya wadudu, na nilijua. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: nilijua. Niliipeleka ziwani, nikaisugua kwa mchanga kama tunavyosugua sufuria, mpaka harufu ikaisha. Nikajiambia imekuwa safi.

Lengalenga la bidoni hiyo, ule mchicha wetu, likastawi kuliko yote. Mke wangu Riziki alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, nikachuma humo humo. Nani angempa mzazi majani madogo?

Bibi Mwajuma, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa nyumba ya pili, akaja kumwona mzazi. Kabla hajaketi akaisogeza ile bidoni, akatazama upande ulioelekea ukutani. Fuvu la kichwa lililochorwa pale lilikuwa bado linaonekana.

"Hii ilikuwa na nini?"

"Bibi, niliiosha. Mara tatu, kwa mchanga."

"Sikukuuliza kama uliosha."

Nikaisukuma bidoni irudi ukutani.

"Riziki amekula?"

"Bado. Iko kwa moto."

Sikuwahi kumwona akitembea haraka vile. Alirudi kutoka chooni na sufuria tupu.

"Bwana mukubwa wa bustani! Mutoto iko na siku ine, unataka anyonye dawa ya pamba? Kama iko safi, mbona uliigeuzia ukuta?"

Riziki alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Alimvuta mtoto kifuani, akanipa mgongo. Bibi akaomba panga, akaipasua bidoni vipande vipande. "Plastiki inakunywa dawa," alisema, "na kesho mutu ataitekea maji."

Unaniona nimekunja uso kwa jambo la zamani? Juzi nimepita njia ya sokoni. Kijana mmoja amepanga vyombo vya kupandia mboga, vimepakwa rangi nyekundu na kijani, vinapendeza. Nikakwangua rangi kwa ukucha. Fuvu lile lile.

"Na wewe unapanda mboga ndani ya hizi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Aa, muzee! Mimi niko na zangu za mawese."

Mwanangu, hasira ilinipanda. Mimi angalau nilijidanganya mwenyewe, nikamdanganya na mke wangu, chini ya paa moja. Huyu anakula salama, anawauzia majirani zake sumu iliyopakwa rangi, na wanunuzi wamesimama pale wanabishana juu ya rangi ipi itapendeza mlangoni. Nikawaambia kilichomo. Wawili wakarudisha vyombo. Mmoja akaniambia wazee tuna maneno mengi, akaondoka na chake.

Basi maneno yangu ni haya. Panda, hata kama uwanja wako ni kizingiti tu. Panda kwenye bidoni ya mawese, kwenye gunia la mchele, kwenye sufuria iliyotoboka. Lakini uliza kwanza chombo kilibeba nini, na asiyekujibu usichukue chake. Kilichobeba dawa usikioshe, usikipake rangi, usimpe mwenzako, kipasue. Na siku mkono wako ukianza kukigeuza chombo ili wageni wasione upande mmoja, usipande kitu humo.

Yule mtoto wa siku nne ana watoto wake sasa. Jumapili huja wakachuma lengalenga uani kwangu, na bidoni zangu zote nimezipanga katikati, mbali na ukuta.

Mungu akupe mikono ya kuotesha, mwanangu, na mboga ambayo hutaogopa kumpa mzazi. Amahoro, amani iwe nawe.