Pua ya Gari na Gundi Nyekundu

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini kilikuwa kikombe cha chai. Ilikuwa Maswa, kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, nami nilikuwa kijana mwembamba niliyetoka Binza kwa miguu, nimevaa shati langu la kanisani kana kwamba nakwenda kuposa. Mkubwa wa karakana, mzee mfupi ambaye wote tulimwita Fomeni, alilitazama shati lile akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa kikombe.

"Mpelekee dereva yule pale. Mwache anywe. Halafu muulize gari lake linaumwa nini, na usiguse boneti mpaka amalize kusema."

Nilidhani ananifanyia utani wa mgeni. Kumbe ndiyo ilikuwa kanuni ya pale. Dereva alikalishwa juu ya kreti, akapewa chai, akaeleza: linagoma asubuhi, linatetemeka mlimani, linanuka. Fomeni alisikiliza amefumba macho. Baada ya hapo ndipo alipozunguka nyuma ya gari, akainama kwenye ekzosi, akanusa.

"Njoo na wewe. Nusa. Unasikia nini?"

"Moshi, Fomeni."

"Moshi! Hata mbuzi anajua huo ni moshi. Nusa tena."

Zama zile magari ya petroli yalikuwa na kabureta, chombo cha kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Petroli ikizidi, moshi unachoma macho na plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Hewa ikizidi, injini inapata joto na kukohoa, na plagi zinapauka. Fomeni alikuwa akiyajua hayo kwa pua, kisha anachukua bisibisi, anageuza skrubu ya kabureta kidogo tu, gari linatulia. Nilikaa naye miaka mingi nikajifunza kunusa. Nyinyi vijana mnaosoma hapa mtacheka, lakini nawaambieni ile ilikuwa elimu.

Bariadi ilipofanywa makao ya mkoa, kampuni yetu ikahamishia magari yake huko, nami nikahamishwa nayo. Bosi wangu mpya alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu mpole, mtu wa vyeti, aliyekuja na mashine ya kupimia magari. Unachomeka waya chini ya usukani, mashine inakusomea ugonjwa. Loo, niliipenda mashine ile! Nilikuwa na umri wa kuogopa vitu vipya, nami nilitaka watu wajue siogopi. Vikombe vya chai nilivyotoka navyo Maswa vikaishia kabatini. Dereva akianza kueleza, namkatiza: "Sogea mzee, mashine itasema."

Magari ya siku hizi hayana kabureta. Kuchanganya kunaamuliwa na kompyuta, na kwa kuwa kompyuta haina pua, imewekewa moja: sensa ya oksijeni. Ni kitu kidogo, kama urefu wa kidole, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi, ncha yake ndani ya moshi. Inapima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Ikibaki nyingi, maana yake petroli ilikuwa kidogo, na kompyuta inaongeza. Oksijeni ikiwa haba, kompyuta inapunguza petroli. Magari mengi yana sensa mbili: moja kabla ya masega, yaani lile kopo la kusafishia moshi, na nyingine baada yake. Ya kwanza ndiyo inayotawala mafuta. Ya pili inaangalia tu kama masega yanafanya kazi. Nimeona fundi akibadilisha ya pili wakati mgonjwa ni ya kwanza, halafu anamlaumu muuza vipuri. Huko ni kumng'oa mtu jino zima.

Sasa niwaambie habari za Mzee Luhende. Alikuwa dereva wa pikapu ya petroli iliyozungusha wakaguzi wa pamba vijijini. Mtu wa Sola, mzee wa kanisa, msema machache, amebakiza muda mfupi astaafu. Gari lake alilifuta vumbi kila liliposimama, utadhani ndama. Asubuhi akifika karakana hunisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Fundi," na hatoki pale mpaka umwitikie.

Msimu mmoja pikapu ile ilivuja oili juu ya injini. Nilifungua kifuniko cha valvu, nikasafisha, nikakirudisha kwa gundi nyekundu ya silikoni. Nakiri mbele yenu, mimi nilikuwa mtu wa gundi. Fundi aliyeibana kidogokidogo kama dawa ya meno nilimwona bahili. Mimi nilipaka mpaka inafura pembeni, na wenzangu wakanisifu, "Kazi ya Fundi Shija haivuji!" Na kweli, haikuvuja.

Wiki chache baadaye Luhende akaja. "Fundi, gari linanuka petroli."

"Mashine haisemi kitu, mzee."

Akarudi siku nyingine. "Fundi, bado linanuka. Na mafuta yanakwenda mbio."

Nikachomeka mashine mbele yake, kwa mbwembwe, watu wanatazama. Mashine ikasema hakuna kosa. Taa ya injini kwenye dashibodi nayo haikuwaka. "Unaona? Wewe endesha, mzee, mimi nitengeneze. Tusiingiliane kazi." Wenzangu wakacheka.

Mara ya tatu alifika mlangoni, akaniona, akasita, akageuka akaenda zake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kampuni ilikuwa na Afisa Usafirishaji, dada mmoja makini sana, na aliona kwamba mafuta ya pikapu ile hayalingani na safari zake. Hakukurupuka. Aliniomba mimi fundi nieleze kwa maandishi kama gari lina tatizo. Nikaandika mstari mmoja: gari ni zima. Nikasaini. Sikumuuliza dereva, sikufungua hata plagi moja.

Kwa mstari ule Luhende akasimamishwa kazi, akisubiri kikao cha kumfukuza kwa wizi wa mafuta. Na Sola ni kijijini, habari hufika kabla ya mwenyewe. Kanisani wakamwomba aache uzee wa kanisa mpaka mambo yatulie. Watoto wakaanza kumwita Mzee Dumu, kwa sababu mwizi wa mafuta hubeba dumu. Mtu aliyeendesha maisha yake yote bila doa alikuwa anakaribia kumaliza kazi akiwa na jina hilo.

Nami nilisema nini? Nilisema, "Duniani kuna mambo, hata mzee yule!" Mdomo wangu huu huu.

Siku moja nikatumwa Maswa kuchukua vipuri, na gari lililokuwepo ni pikapu ile. Nilijaza tangi mwenyewe mpaka shingoni. Nilikwenda peke yangu, nikarudi peke yangu. Nikiwa njiani kurudi nikatupa jicho kwenye geji, nikadhani imeharibika. Mshale ulikuwa umeshuka kama vile nimetoka Dodoma. Nikasimama kando ya shamba la pamba, nikalala chini kuangalia tangi. Kavu. Mabomba, makavu. Hapakuwa na dumu wala mwizi, nilikuwepo mimi tu.

Nikaenda nyuma ya gari, injini inanguruma, nikainama kwenye ekzosi nikanusa. Sikuwa nimefanya hivyo kwa miaka. Machozi yakanitoka kwa ule moshi, na sitawadanganya, hayakuwa ya moshi peke yake. Nikasema kwa sauti, "Luhende, baba, nisamehe." Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akanyoosha mgongo kunitazama, akadhani nimepatwa na wazimu.

Kesho yake nikafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa mwanzo. Plagi zote zilikuwa nyeusi. Nikahakikisha ekzosi haina tundu, maana tundu likiwepo kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia na sensa inadanganyika, utaibadilisha bure. Nikaweka kipima umeme kwenye waya wake. Sensa nzima namba zake hupanda na kushuka upesi, juu chini, juu chini, kama mtu anayepumua. Hii ilisuasua. Haikuwa imekufa, ndiyo maana mashine haikulalamika, ila ilijibu kwa uzito na kila mara ilikuwa ikiiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi. Kompyuta nayo, mtiifu, inazidi kumwaga.

Kuitoa, mjue, hakuhitaji nguvu za ng'ombe. Washa injini kidogo bomba lipate uvuguvugu, zima, pulizia dawa ya kulegeza kutu, subiri. Tumia soketi yenye mfereji pembeni ili waya upite bila kukatika. Ukilazimisha utaharibu njia za skrubu kwenye bomba, na hapo umejitafutia kesi. Nilipoifungua ikatoka, nikaigeuza kuitazama ncha. Ilikuwa nyeupe, kama imechovywa kwenye chokaa.

Moshi wa petroli huacha weusi, kwa hiyo weupe ule ulitoka kwingine. Nikasoma kijitabu cha gari, kile ambacho nilikuwa nimekalia miaka yote kama mto: mvuke wa gundi ya silikoni huvutwa ndani ya injini, huungua, na huganda kwenye sensa. Ipo gundi iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, na hata hiyo hupakwa utepe mwembamba. Yangu haikuwa hiyo, na sikupaka utepe, nilipaka kama siagi ya harusi.

Nikampelekea Mkuu wa Karakana. Akaitazama, akafunga mlango wa ofisi.

"Fundi Shija, funga mpya, hii itupe. Gari limepona, yameisha."

"Na Luhende?"

Akarudi kwenye makaratasi yake. Hakuwa mtu mbaya, alitaka kuniokoa. Nami nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na ripoti ile ina saini yangu. Nyuma ya karakana kulikuwa na choo cha shimo. Nilisimama karibu na choo kile na sensa mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliogopa, vijana. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilijua kwamba nikiitupa ile, Mzee Dumu ataitwa hivyo mpaka kaburini.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja. Luhende alikuja amevaa koti lake la kanisani, ameketi mikono magotini. Mimi niliitwa kuthibitisha ripoti tu.

"Fundi, uliandika gari ni zima," Meneja akasema. "Unathibitisha?"

"Hapana, Meneja. Nilichoandika si kweli."

Nikafungua kitambaa nikaweka sensa mezani. Afisa Usafirishaji akainama. "Huu weupe ni nini?"

"Ni gundi yangu, dada. Niliipaka kwa fujo ikapofusha pua ya gari. Nimeliendesha mwenyewe mpaka Maswa na kurudi, likanifanyia yale yale. Petroli yote iliungulia humo humo kwenye injini. Mzee huyu hakuiba hata kifuniko kimoja."

"Kwa nini hakusema gari lina tatizo?" Meneja akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Alisema. Aliniambia mara mbili, nikamcheka mbele za watu. Mara ya tatu, kwa sababu ya kicheko kile, aligeukia mlangoni kabla hajafungua mdomo."

Afisa Usafirishaji akamgeukia Luhende, akamwambia, "Baba, tunakuomba radhi." Luhende akarudishwa kazini siku ile, na mimi nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Jumapili nikaenda Sola, nikaomba nafasi kanisani, nikasimama nikarudia maneno yale yale mbele ya waumini. Nilipotoka nje nikampa Luhende mkono. Akautazama. "Nimesikia," akasema, akaenda nyumbani kwake.

Sikumlaumu. Nilifunga sensa mpya kwa uangalifu wa mkunga: ncha sikuigusa kwa mkono, grisi ya shaba kidogo kwenye njia za skrubu tu, nikakaza bila ubabe. Matumizi ya mafuta yakarudi kama zamani. Lakini Luhende alikuwa akileta gari, ananisalimia, anaondoka. Kuhusu gari hakusema lolote tena, na mimi sikuwa na haki ya kudai.

Nimestaafu sasa. Nakaa Bariadi, nalima kidogo, na mafundi wapya hunipigia simu wakikwama. Mashine siwakatazi, ni kifaa kizuri, nami ningekuwa mjinga kuitukana. Ninachowauliza kwanza ni dereva amesema nini. Wengi hawajui. Basi nawaambia wakanunue vikombe.

Mimi nilivitoa vyangu kabatini wiki ile ile ya kikao. Kila dereva alikalishwa, akanywa, akasema. Luhende ndiye pekee aliyekuwa akikataa chai. Mpaka asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku chache astaafu, akasimama mlangoni pale pale alipogeukia mara ile.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, baba."

Akaingia ndani. Kisha akasema, "Fundi, gari linanuka."

Niliangusha spana. Nikavuta kreti, nikamimina chai. Nikachuchumaa mbele yake. "Linanukaje, mzee? Asubuhi au likishapata moto? Nieleze yote."

Akapokea kikombe. Akanywa taratibu, akanitazama.

"Halinuki," akasema. "Nilitaka kuona kama utauliza."